Tiba ya Mazungumzo, Kikao kwa Kikao: Mwongozo Kamili kwa Mshauri Nasaha

Jina lenyewe linatuponza. Kazi hii tunaiita ushauri nasaha, na nasaha, kwa kila anayejua Kiswahili, ni neno la busara analopewa mtu na aliyemzidi umri au elimu. Mteja anaingia, anaketi, anaeleza dakika kumi, kisha ananyamaza akingoja apewe neno. Mshauri mgeni wa kazi, kwa huruma tu, analitoa: mwache, rudi kwenu, sali, jikaze, tafuta shughuli. Mteja anashukuru kwa adabu na haonekani tena. Maneno hayo alishapewa na shangazi yake, na mwenye nyumba, na sheikh au mchungaji, tena bila kulipa nauli ya kuja kwako.

Hatua zinazofuata ni za kumhudumia mtu mzima mwenye sonona au wasiwasi uliokithiri, ana kwa ana, kikao kimoja cha dakika 50 kila wiki, vikao 8 hadi 12. Njia yenyewe ni ile aliyoianzisha daktari wa akili Aaron Beck huko Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960, ya kuchunguza fikra na matendo, pamoja na usikivu aliousisitiza mwanasaikolojia Carl Rogers. Hatua hizi zimeandikwa kwa aliyesomea kazi hii na anayesimamiwa na mtaalamu mwenzake mzoefu, si kwa kila mwenye moyo wa kusaidia.

Chumba na saa

Viti viwili vya kimo kimoja, mwendo wa mita moja na nusu kati yake, vikitazamana kwa upande kama pembe ya meza, si uso kwa uso kama kituo cha polisi. Meza isiwe katikati yenu. Njia ya kwenda mlangoni isizibwe na yeyote kati yenu. Saa ya ukutani ikae nyuma ya kiti cha mteja, uione bila kutazama mkono wako. Mteja anayeona unachungulia saa hufupisha maneno, na mara nyingi alichokifupisha ndicho kilichomleta.

Sauti ndiyo inayosumbua kuliko vyote. Kaa ndani, mwambie mwenzako azungumze kwa sauti ya kawaida akiwa nje ya mlango. Ukimsikia, na wanaopanga foleni watamsikia mteja wako. Redio ndogo kwenye baraza husaidia. Paa la mabati wakati wa masika likizidi, sogezeni viti karibu kidogo kwa kuulizana kwanza. Usimfanye mtu apaze sauti kueleza alivyobakwa.

Kikao cha kwanza

Salamu zifuate umri, si cheo. Kama mteja ana miaka 60 na wewe 30, mwamkie shikamoo, kisha muulize anapenda aitwe nani: Mama fulani, Mzee, au jina lake. Heshima hiyo haipunguzi utaalamu wako. Akikuita daktari na wewe si daktari, msahihishe mapema, ili asingoje vidonge wiki tatu.

Dakika tano za mwanzo ni za makubaliano ya siri, na yasemwe kabla hajasimulia lolote. Kwa mfano: “Utakayoniambia yanabaki hapa. Mume wako, mwajiri wako au aliyekuleta akiuliza, simjibu bila idhini yako. Yapo mambo matatu ambayo yatanilazimu kumshirikisha mtu mwingine: nikiona maisha yako yako hatarini, nikiona utamdhuru mtu, au nikijua kuna mtoto anayeumizwa. Hata hapo nitajitahidi kukuambia wewe kwanza.” Muombe alirudie kwa maneno yake. Jibu la “sawa” peke yake halitoshi. Kwetu “sawa” hutolewa kwa heshima hata pasipo kuelewa.

Weka wazi pia jambo la nasaha, siku hiyo hiyo: “Sitakuambia uachane naye au ubaki. Nitakusaidia uone vizuri kinachoendelea, tujaribu mambo madogo kila wiki, na tupime kama yanafaa.” Wengine hukunja uso. Afadhali akunje leo kuliko kikao cha tano.

Kisha mwachie nafasi: “Nini kimekuleta sasa hivi, si mwezi uliopita?” Swali hilo la *sasa hivi* lina faida kubwa. Mtu huishi na uchungu miaka, halafu siku moja linatokea dogo la kumtoa nyumbani, na dogo hilo ndilo mlango. Msikilize dakika 20 bila kumkatiza ila kwa kumrudishia alichosema.

Usitegemee atasema “nina sonona.” Atasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, kifua kimebana, mwili hauna nguvu, ana presha, ana mawazo. Washona wa Zimbabwe wana neno *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, na juu ya neno hilo daktari wa akili Dixon Chibanda alijenga huduma ya benchi la urafiki, ambamo mabibi waliofunzwa huzungumza na wagonjwa nje ya zahanati. Kwetu “kuwaza sana” hufanya kazi hiyo hiyo. Lichukue neno la mteja ulitumie mpaka mwisho wa tiba. Ukilibadilisha kuwa la kitabuni, umemhamisha kwenye lugha yako.

Ila malalamiko ya mwili yasipuuzwe kwa sababu wewe ni mtu wa mazungumzo. Mpeleke akapimwe kama hajapimwa miezi ya karibuni: upungufu wa damu na matatizo ya tezi la shingo huleta uchovu na huzuni zinazofanana kabisa na sonona. Uliza dawa anazotumia. Efavirenz, mojawapo ya dawa za kufubaza VVU, inajulikana kuleta jinamizi na kuvuruga hisia. Asiache dawa kwa neno lako, arudi kliniki aliyopewa. Uliza pombe, bangi na mirungi kwa kiasi na siku, si kwa “unatumia?” Uliza kama amejifungua karibuni. Na uliza kama amewahi kupitisha siku kadhaa akiwa na nguvu za ajabu, hapati usingizi, anatumia fedha ovyo, anaongea bila kituo. Akijibu ndiyo, au akisikia sauti wasizosikia wengine, apate rufaa kwa daktari wa afya ya akili kabla hujaendelea.

Kabla ya kumaliza, jazeni PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, na tafsiri yake ya Kiswahili ipo. Jumla ya 5 hadi 9 ni dalili hafifu, 10 hadi 14 za kati, 15 hadi 19 kali kiasi, 20 hadi 27 kali sana. Msomee kwa sauti asiyesoma. Alama si ugonjwa. Ni kipimo cha kulinganisha wiki na wiki. Swali la tisa, linalohusu kutamani kufa au kujidhuru, haliishii kwenye alama.

Kuuliza kuhusu kujiua

Hapa washauri wengi hutetemeka, wakiogopa kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kuuliza hakupandi wazo. Kinachoumiza ni kuuliza kwa namna inayodai jibu la hapana: “Lakini hufikirii mambo ya kujiua, au siyo?” Panda ngazi taratibu:

1. “Watu wenye uchungu kama huu wakati mwingine hutamani wasiamke. Wewe umefika hapo?”
2. “Umewaza kujitoa uhai?” Tumia neno lenyewe. “Jambo baya” ni fumbo, na fumbo hujibiwa kwa fumbo.
3. “Umefikiria kwa njia gani? Na hicho kitu kipo nyumbani?”
4. “Umepanga lini? Umewahi kujaribu kabla?”
5. “Nini kimekuzuia mpaka leo?”

Sikiliza sana neno “nimechoka.” Laweza kuwa uchovu wa kazi, laweza kuwa uchovu wa kuishi. Muulize: “Umechoka na nini?”

Mwenye nia, njia na siku haondoki peke yake. Unampigia mtu anayemwamini, mbele yake, na mnamfikisha hospitali. Mwenye mawazo bila mpango mnaandika naye mpango wa usalama kabla hajatoka, kwa mkono wake kama anaandika: dalili zinazoonyesha hali inaanza, anachoweza kufanya peke yake, mahali na watu wa kumtoa mawazoni, watu wa kuwaambia ukweli, na namba zao, huduma ya kitaalamu, na namba uliyoipiga wewe mwenyewe ukahakikisha inapokelewa, mwisho, jinsi nyumba itakavyoondolewa vitu vya hatari. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayookoa wengi. Dawa ya kunyunyizia mimea ikahifadhiwe kwa jirani, vidonge vishikwe na dada. Mawazo ya kujiua huja kwa wimbi na hupita. Kitu kikiwa mbali, wimbi hupita bila kumkuta nacho. Karatasi ya kuahidi “sitajiua” haina kazi hiyo, iache.

Ujue pia sheria ya ulipo. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kuadhibu jaribio la kujiua kunakiuka Katiba. Mteja asiyejua hilo huenda anakuficha kwa kuogopa kufungwa.

Mchoro wa duara

Kikao cha pili au cha tatu mnachora. Karatasi moja, kalamu aishike mteja. Tuseme ni mama wa miaka 34 anayeuza chakula karibu na stendi. Mtake tukio moja la juzi, dogo, lenye saa na mahali. “Maisha yangu yote” haliwezi kuchorwa.

Jumanne, saa tatu asubuhi, mteja wake wa kila siku amepita bila kumsalimia. Wazo: “Kila ninachogusa kinaharibika, hata watu wananikimbia.” Hisia: huzuni, 80 kwa 100. Mwili: kifua kimebana, miguu mizito. Tendo: saa nne amefunika masufuria, amerudi kulala. Matokeo: hakuuza, chakula kimechacha, kesho yake wateja wamehamia banda la pili. Sasa mrudishe kalamu kwenye wazo: “Haya yaliyotokea mchana, yalilifanya lile wazo la asubuhi lipungue au liongezeke?” Nyamaza. Auone mwenyewe kwamba duara limefunga. Ukimwonyesha wewe, umempa nasaha.

Vikao vya katikati

Vikao vya katikati, cha tatu hadi cha tisa, vina umbo moja, na umbo hilo humtuliza mteja hata kama hajui lipo: dakika 5 za hali na PHQ-9, dakika 10 za zoezi la nyumbani, dakika 25 za jambo moja mlilolichagua pamoja, dakika 10 za kukunja na kupanga zoezi jipya. Jambo *moja*. Mshauri anayetaka kugusa ndoa, mtoto, deni na ndoto za usiku kwa siku moja humwacha mteja amefunguka pande zote, na nyumbani hana wa kumfunga.

Kwa mwenye sonona nzito anza na matendo, si fikra. Asiyetoka kitandani hawezi kujadili mantiki. Mpangieni shughuli mbili kwa wiki, moja ya kumpa raha na moja ya kumpa hisia ya “nimeweza,” ndogo mpaka ionekane ya kitoto: kuanika godoro, kukaa nje dakika kumi jua la asubuhi, kumpigia somo yake. Ziwe na siku na saa. Kabla hajaondoka muulize: “Kwa 10, una hakika kiasi gani utaifanya?” Chini ya 7, ipunguzeni. Mwambie asingoje hamu. Hamu hufuata tendo, haitangulii.

Kwa wasiwasi, mfundishe kupumua: ndani kwa hesabu ya nne, nje kwa hesabu ya sita, dakika tano, mara mbili kwa siku akiwa ametulia. Anayejaribu kwa mara ya kwanza katikati ya mshtuko atasema haifanyi kazi, na kwa siku hiyo atakuwa sahihi.

Nguvu ikirudi kidogo, rudini kwenye lile wazo. Usibishane nalo. “Si kweli, wewe ni mwanamke hodari!” ni sifa, na sifa humfanya atafute ushahidi wa kukukanusha. Uliza: “Nini kinakuonyesha kwamba kila unachogusa kinaharibika?” Yaandikwe yote. “Nini hakiendani nalo?” Yaandikwe. “Dada yako angekuambia hivi kuhusu yeye, ungemjibuje?” Kisha pangeni jaribio: Alhamisi amwite yule mteja amsalimie, aone. Huenda akagundua bwana yule ana deni la chapati na aibu ndiyo iliyompitisha mbio. Huenda akagundua kweli amehamia kwingine. Yote mawili yana faida, kwa sababu sasa anajua, hakisii.

Kuna mawazo ambayo ni ya kweli, na hapa ndipo wanafunzi wa Beck hujikwaa. “Nadaiwa kodi ya miezi mitatu na nitafukuzwa” si fikra potofu, ni kodi. Hapo weka mchoro kando mtatue tatizo: orodhesheni matatizo, achague moja, mlipunguze mpaka liwe na mpaka, ataje njia zote hata za kipuuzi, apime kila moja, achague, afanye hatua ya kwanza kabla ya wiki kwisha. Umaskini hautibiwi kwa kubadilisha mtazamo, na mteja anayeambiwa hivyo ana haki ya kukasirika.

Mtu akisema amerogwa au ana jini, usicheke wala usithibitishe. Muulize alijuaje, nani mwingine anaamini hivyo, amefanya nini mpaka sasa, na hali hii imemzuia kufanya nini. Swali la mwisho hukurudisha kwenye kazi yenu. Dua na kisomo viendelee kama vinamtuliza. Akifungwa kamba, akinyimwa chakula au akiachishwa dawa kwa jina la tiba, hapo una la kusema, tena kwa uwazi.

Ulimi wa mshauri

“Kwa nini” hulaumu, na “mbona” hulaumu zaidi. “Mbona hukumwambia?” ni sauti ya mama mkwe. Badilisha: “Ilikuwaje?” “Ukaona nini?” “Nini kilikufanya ukanyamaza?” Kumrudishia alichosema, “yaani” hufaa sana: “Yaani hata ulipofika kwa kaka yako, ulijiona mgeni.” Ukikosea atakusahihisha, na sahihisho lake mara nyingi ni zuri kuliko tafsiri yako.

“Pole” ina wakati wake. Ikitoka haraka hufunga mlango: mteja hujibu “nimeshapoa” kwa mazoea, na mada imekwisha. Mngoje amalize, kaa kimya hesabu ya saba au nane, ndipo useme pole. Vivyo hivyo na “Mungu atasaidia.” Akiitaja yeye, ni imani yake, iheshimu, ukiitaja wewe, umemwambia anyamaze.

Machozi yasikimbiliwe na kitambaa. Viweke vitambaa mahali anapoweza kufikia, asihisi anaamriwa kujifuta.

Mambo yanayoharibika

Zoezi halikufanyika. Usihubiri. Sababu karibu zote ni nne: lilikuwa kubwa, halikueleweka, hana faragha nyumbani, au haliamini. Ya tatu husahauliwa: daftari la mawazo likisomwa na mume ni hatari, si zoezi. Ahesabu mawazo hayo kwa punje za maharage mfukoni, au mlifanye mwanzoni mwa kikao.

Jambo kubwa linatajwa ameshika kitasa. Usimrudishe kitini. “Umelitaja jambo zito. Asante kwa kuliamini mahali hapa. Wiki ijayo tunaanza nalo.” Mwulize tu kama yuko salama mpaka siku hiyo. Usalama ukiwa na shaka, saa haina maana tena.

Mnaishi mtaa mmoja. Kubalianeni siku ya kwanza: mkikutana sokoni, yeye ndiye atakayeamua kukusalimu. Ndugu, mpangaji wako au mwalimu wa mwanao asiwe mteja. Mpeleke kwa mwenzako. Mfuko wa maembe pokea, kuukataa ni tusi. Fedha nje ya ada, simu mpya au mkopo kataa, na mlizungumze kikaoni maana zawadi hiyo ina la kusema. Ujumbe wa saa sita usiku jibu asubuhi, kwa mistari miwili, kama mlivyopatana.

Amekasirika au amepoa ghafla. Uliza bila kujitetea: “Nahisi wiki iliyopita nilisema kitu kisichokaa sawa.” Mteja aliyelelewa kutomkosoa mkubwa atakataa mara ya kwanza. Subiri, uliza tena baadaye.

Alama hazishuki. Kushuka kwa 5 au zaidi kwenye PHQ-9 ni badiliko la maana, na kufika nusu ya alama za mwanzo ni mwitikio mzuri. Kama kikao cha sita kimefika na hakuna kilichosogea, msiendelee kwa mazoea. Kagua upya: kuna pombe asiyoitaja? Kipigo nyumbani? Kiwewe ambacho hujakigusa? Anahitaji dawa pamoja na mazungumzo? Peleka swali hilo kwa msimamizi wako, ambaye unapaswa kumwona walau saa moja kila wiki mbili, ukiwa na kesi mkononi na jina la mteja limefichwa.

Kumbukumbu ziandikwe siku hiyo hiyo, nusu ukurasa: tarehe, alama, hali ya usalama, mlichofanya, zoezi, mpango. Umbea wa familia usiingie. Faili laweza kuitwa mahakamani. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya 2022, zote zinahusu faili lako la karatasi pamoja na simu uliyorekodia.

Kumaliza

Mwisho hutajwa mwanzo: “Tuna vikao kumi, kisha tunapima.” Vikao viwili vya mwisho viachanishwe, wiki mbili badala ya moja, ili ajaribu kutembea bila wewe. Katika kikao cha kabla ya mwisho tegemea dalili kurudi kidogo. Wengi huumwa tena wakisikia kuagana. Usikimbilie kuongeza vikao. Mwulize kuagana kumemkumbusha nini.

Kikao cha mwisho aandike karatasi moja ya kubaki nayo: dalili zake tatu za mwanzo (kwa mama wa stendi, kufunga biashara mapema ndiyo ya kwanza), kilichomsaidia, mtu wa kumwambia, na alama ambayo ikifika atarudi. Muwekeeni miadi ya miezi mitatu. Siku hiyo ikipita asitokee, mpigie mara moja tu, kwa namba na saa mliyokubaliana. Akipokea mtu mwingine, taja jina lako bila kutaja kazi yako, kisha kata simu.